Jeshini matibabu ni bure kwa wote, sasa mbona kuruta na afisa hawatibiwi sawa?

mdogo_wa_afande ameuliza:

Wakuu habari zenu. Naomba wenye uelewa wa mambo ya jeshi mnisaidie maana nimebishana na shemeji mpaka tumenuniana. Yeye anasema hakuna sehemu yenye haki kwenye afya kama jeshini, kila mtu ana zahanati hapo hapo kambini, dawa hulipii, hospitali ya rufaa hulipii, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wote wamevaa kombati moja. Mimi nikamwambia hiyo ni ya kwenye karatasi. Kaka yangu ni mwanajeshi wa cheo cha chini, goti linamsumbua muda mrefu tu na haendi kwa daktari, ukimuuliza anakwambia nikienda wataniita mtegaji, halafu ukiendelea kumsikiliza utasikia kuna afisa aliumwa mgongo akapelekwa kwa bingwa wiki hiyo hiyo.

Sasa maswali yangu. Hii tofauti ni sheria au ni tabia za watu tu? Kuna sehemu wamewahi kupima kisayansi kama askari wanatibiwa sawa? Na wanawake, wenye VVU, wenye shida za akili, waliostaafu, wao ikoje? Sitaki siri za jeshi lolote, nataka kuelewa mambo yanavyoenda kwa ujumla. Wale wa kusema "ungejiunga ujionee" piteni kimya kimya.

---

tabibu_wa_mtaro amejibu:

Nimefanya utabibu jeshini muda mrefu, jeshi gani haikuhusu 😄. Shemeji yako hajakosea ila kaishia njiani. Pesa ni kizuizi kimoja tu na jeshi limekiondoa kweli, hilo tusiwanyime. Lakini raia akiumwa anaamua mwenyewe aende lini na amwambie nani. Askari anaomba ruhusa, na anayemwomba ni yule yule anayempangia lindo, anayemwandikia tathmini na anayependekeza majina ya kwenda kozi. Kwa hiyo kabla hajamuona daktari kashapita kwa koplo, kwa sajenti, na pengine kwa mkuu wa kombania, na kila mmoja anamuangalia usoni kama mtu anayepima uongo. Afisa hapiti huko. Anapiga simu anasema dokta nakuja saa nne. Hutakuta popote imeandikwa kwamba afisa atibiwe vizuri kuliko kuruta, dawa ni zile zile, ila yeye njia yake ni fupi.

Halafu kuna daktari mwenyewe. Watu wanasahau kwamba daktari wa jeshi naye ana cheo na ana bosi, na bosi anataka watu wa kutosha gwarideni. Mgonjwa anahitaji ED (karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi) ya wiki mbili, huku mkuu wa kikosi anauliza mbona kombania hii ina wagonjwa wengi kuliko zingine. Ukiwa luteni unamtibu kuruta ni rahisi sana ile ED ikawa siku tatu na panado. Ukiwa luteni unamtibu kanali, thubutu. Wenyewe tunaita kutumikia mabwana wawili, na hakuna chuo cha udaktari kinachokuandaa kwa hilo.

Cha ajabu ni kwamba risasi zikilia haki inakuwa kubwa kuliko siku za kawaida. Daktari wa Napoleon, Dominique-Jean Larrey, ndiye aliyeanzisha magari mepesi ya farasi ya kubeba majeruhi kutoka uwanja wa vita miaka ya 1790, na alikuwa na msimamo kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza bila kuangalia cheo chake. Leo Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ibara ya 12, unasema wazi kwamba ni sababu za kitabibu za dharura pekee ndizo zinazoweza kumpa mtu kipaumbele cha kutibiwa, na inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, taifa, dini na mengineyo, hadi adui majeruhi anaingia humo. Sasa aliyekatika mguu vitani analindwa kimataifa, mwenye goti kambini Jumanne asubuhi analindwa na sajenti wake kama kaamka vizuri.

---

sajenti_mbishi amejibu:

Nyie mnaongea kama wategaji hawapo. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri nina watu thelathini, siku ya mbio ndefu wanane wanaumwa tumbo, siku ya mshahara wote wazima. Nikiruhusu wote waende zahanati nani atafanya kazi? Na hao waliobaki ambao wanabeba mzigo wa wanane, haki yao iko wapi? Hilo hamlisemi.

Na mkuu wa kikosi akiumwa wanaathirika watu mia sita, lazima atibiwe haraka. Hata uraiani kiongozi hapangi foleni. Jeshi sio hospitali, ni jeshi.

---

tabibu_wa_mtaro amejibu:

Afande wategaji wapo na mimi nimewatibu kwa maji na chumvi. Ila swali ni nani anayetakiwa kumjua mtegaji, wewe au mimi?

Chukua mfano mmoja tu. Kuna kitu kinaitwa mpasuko wa mfupa wa uchovu, unawapata sana makuruta wiki za mwanzo kwa sababu mbio na mizigo vimeongezeka ghafla kuliko mfupa unavyoweza kujijenga. Mguu hauvimbi sana, hakuna kidonda, na picha ya eksirei ya wiki za kwanza mara nyingi inatoka safi kabisa. Yaani kijana anasema anaumwa, picha inasema mzima, sajenti anasema mtegaji, anarudishwa kwenye mbio. Ukiwa kwenye mfupa wa muundi akipumzika unapona. Ukiwa kwenye shingo ya paja na ukamlazimisha akimbie, unaweza kukatika kabisa, hapo ni upasuaji na mara nyingi ndio mwisho wa jeshi kwake. Siku tatu za kumuamini zingeokoa mafunzo yote uliyomlipia. Sasa hapo nani kalitia jeshi hasara?

Na kwa mkuu wa kikosi, sawa, atibiwe haraka. Lakini mgongo wa yule afisa aliyepelekwa kwa bingwa haukuwa dharura.

---

nesi_wa_takwimu amejibu:

Nimecheka maji na chumvi 😂

Nije kwenye swali la kupima kisayansi. Ndiyo imepimwa, hasa Marekani, kwa sababu mfumo wao wa afya ya jeshi unahudumia watu zaidi ya milioni 9, askari, familia zao na wastaafu, na wote wana bima. Kwa watafiti hiyo ni bahati, maana uraiani kwao ukikuta watu weusi wanatibiwa vibaya kuliko weupe huwezi kujua haraka kama ni bima, kipato au ubaguzi. Jeshini bima umeshaitoa kwenye hesabu. Tafiti nyingi zikakuta kwamba kwenye upasuaji na saratani kadhaa lile pengo la uraiani linapungua sana, na kwenye baadhi linapotea. Kwa hiyo shemeji ana pointi na isipuuzwe, ukiondoa malipo watu wengi wanapona ambao wangekufa.

ILA, na hii ila ni kubwa, kwenye uzazi pengo halikuondoka. Wanawake weusi ndani ya mfumo ule ule wenye bima ile ile bado walikutwa na matatizo makubwa ya uzazi kuliko weupe. Maana yake kuna kitu kinachotokea pale mgonjwa anapoongea na mhudumu, anasikilizwa au hasikilizwi, na bima haigusi hapo. Mimi kama nesi sishangai hata kidogo, mjamzito anayelalamika na mjamzito "msumbufu" wanaweza kuwa na presha ile ile.

Na tukumbuke askari wamechaguliwa wakiwa wazima, wana ajira, wanafanya mazoezi, kwa hiyo usichukue namba zao ukazipeleka kwa raia moja kwa moja.

Kuhusu wanawake kwa ujumla, shida inaanza kabla ya zahanati. Ule mpasuko wa mfupa anaousema tabibu unawapata makuruta wa kike zaidi ya wa kiume, na sababu mojawapo ni kwamba vifaa na mafunzo vilipimwa kwa mwili wa mwanaume. Fulana ya kuzuia risasi ikiwa ndefu inagonga nyonga ukiinama, ikiwa pana inaacha mwanya kwapani, na bunduki huwezi kuiegemeza vizuri begani. Marekani walianza kugawa fulana zilizokatwa kwa umbo la kike miaka ya 2010, wakati wanawake walishakuwa Iraq na Afghanistan muda wote huo. Halafu jaribu kumwomba sajenti wa kiume ruhusa ya kwenda kuonwa kwa tatizo la hedhi mbele ya foleni nzima. Wengi wanaacha.

---

sajenti_mbishi amejibu:

Hiyo ya foleni nakubali haijakaa sawa. Mengine bado.

---

mdogo_wa_afande ameandika:

Asanteni sana, uzi umenoga. Nesi hapo kwenye kusikilizwa umenigusa. Naomba sasa mtu aguse mambo ya akili na VVU maana huko ndiko naona watu wanaficha zaidi.

---

mke_wa_kombati amejibu:

Mimi sio mtaalamu niko kwenye ndoa na askari tu, ila ya akili nayajua kwa sababu yanalala kitandani kwangu. Mume wangu alirudi kutoka operesheni akawa halali, mlango ukigongwa anashtuka, anakaa anaangalia ukuta, nikamwambia nenda kamuone daktari wa akili hapo hospitali yenu si ni bure, akanijibu nikienda tu silaha wananinyang'anya, silaha ikienda na lindo limeenda, lindo likienda posho imeenda na kila mtu kajua kwa nini, basi ndo imeishia hapo. Bure bure hiyo haimsaidii kitu maana bei yake iko sehemu nyingine.

Na sio yeye tu, nimesoma kuhusu utafiti maarufu wa madaktari wa jeshi la Marekani uliotoka 2004, walichukua askari wa Iraq na Afghanistan, kati ya waliokuwa na dalili za ugonjwa wa akili ni asilimia 23 hadi 40 tu ndio waliotafuta msaada. Na wale wenye dalili ndio waliokuwa wanaogopa kuonekana dhaifu kuliko wasio na dalili. Yaani anayehitaji zaidi ndiye anayekimbia zaidi. Na hapo ni wenye vyeo na wasio na vyeo wote wanaogopa, ila mwenye cheo anaweza kwenda hospitali ya nje kwa hela yake akajitibu kimya, koplo ataitoa wapi.

Huko huko Marekani kuna baharia alijiua 2018, wazazi wake wakapigania mpaka ikapitishwa sheria yenye jina lake, Brandon Act, iliingia kwenye sheria ya ulinzi mwishoni mwa 2021 na utekelezaji ukaanza 2023. Askari anaweza kumwambia kamanda wake au msimamizi wake wa juu kwamba anataka kupimwa akili, bila kutoa sababu, na huyo kiongozi lazima ampeleke haraka. Mimi naona bado anapitia kwa kiongozi lakini angalau kiongozi hana tena uwezo wa kusema hapana. Kwangu mimi hiyo ndo tofauti yenyewe.

Na familia mbona hamjatutaja? Akihamishwa kikosi mimi naanza upya, kadi upya, daktari upya, mtoto wangu ana pumu faili linakuja baada ya miezi. Haya nimemaliza.

---

babu_wa_kumbukumbu amejibu:

Poleni mama. Mimi nachangia ya VVU na ya waliostaafu, na historia kidogo kwa sababu vijana mnadhani haya yameanza jana.

VVU: majeshi mengi yalikuwa yanapima wanaotaka kujiunga, ukikutwa nao basi, hata kama unakimbia kuliko wote. Namibia mwaka 2000 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba kumkataa mtu kwa sababu ya VVU pekee, wakati kiafya anaweza kazi, ni ubaguzi, waangalie hali halisi ya mwili wake kama wingi wa virusi na CD4 (chembe za kinga ya mwili). Afrika Kusini mwaka 2008 Mahakama Kuu Pretoria ikatamka kwamba sera ya jeshi ya kuwazuia wenye VVU kuajiriwa, kupelekwa nje na kupandishwa vyeo inakwenda kinyume cha katiba. Angalia hapo kwenye vyeo, kule kwenda nje kwenye operesheni ndiko kunakoleta uzoefu na kupanda, kwa hiyo ukimzuia safari umemzuia maisha. Ndiyo maana watu hawapimi kwa hiari. Ukifanya kipimo kiwe adhabu utabaki na wagonjwa wasiojulikana, na huo ugonjwa hautakuwa umekwenda popote.

Historia: vita ya kwanza ya dunia Afrika Mashariki, upande wa Waingereza wapagazi waliobebeshwa mizigo wanakadiriwa kufa zaidi ya 90,000, na wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibaya. Walikuwa chini ya jeshi, wanatembea na jeshi, ila kwenye hesabu ya madaktari, blanketi na chakula walikuwa wa mwisho. Vita ya pili Marekani, Msalaba Mwekundu wao ulianza kwa kukataa damu ya watu weusi, mwaka 1942 ukaipokea ila ukaitenga na ya weupe, na hilo liliendelea hadi 1950, wakati sayansi ilishajua kuwa damu haina rangi ya mtu. Mpango wa mwanzo wa kukusanya plazma (ile sehemu ya majimaji ya damu) uliongozwa na daktari mweusi, Charles Drew! Truman alisaini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini 1948, damu ikafuata miaka miwili baadaye.

Na daktari akikukosea? Mwaka huo huo 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Feres, ndani yake kulikuwa na askari aliyepasuliwa tumbo na daktari wa jeshi, miezi minane baadaye akapasuliwa tena wakakuta TAULO humo ndani, lina maandishi ya idara ya tiba ya jeshi. Mahakama ikasema askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yanayotokana na utumishi wake. Mfungwa anaweza kushtaki, mke wa askari anaweza, askari mwenyewe hapana. Ilikaa hivyo hadi Desemba 2019 walipopitisha kwamba sasa anaweza kupeleka madai ya uzembe wa kitabibu, lakini anayapeleka kwa Wizara ya Ulinzi yenyewe, mahakamani bado haendi.

Wastaafu ndio yangu kabisa hii. Ugonjwa wa jeshi mara nyingi hauji ukiwa jeshini. Waliopuliziwa dawa ya kukausha majani Vietnam walianza kuugua baadaye sana, sheria ya kuwasaidia ikaja 1991. Waliokaa karibu na mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, yanachomwa plastiki, betri, mafuta, kila kitu, walikuwa wanaambiwa wathibitishe wenyewe kwamba kifua chao kimetokana na ule moshi. Utathibitishaje moshi wa miaka kumi na tano iliyopita? PACT Act ya Agosti 2022 ikageuza, kwamba kama ulikuwa eneo hilo na una ugonjwa uliomo kwenye orodha, inachukuliwa umetokana na kazi. Mzigo wa kuthibitisha umetoka kwa mgonjwa. Na kabla ya hapo aliyeumia ni nani zaidi, ni yule aliyesimama shimoni na fimbo anakoroga moto, huyo hana cheo wala wakili.

---

mdogo_wa_afande ameandika:

Taulo tumboni 😳 dah. Sasa babu, na wengine, mtu ambaye bado yuko kazini na cheo chake kidogo afanye nini? Maana sheria za wenzetu ni za wenzetu.

---

babu_wa_kumbukumbu amejibu:

Karatasi. Kila akienda zahanati ahakikishe imeandikwa kwenye faili, hata kama kapewa panado, na aombe nakala akiruhusiwa. Asiporuhusiwa aandike kwenye daftari lake tarehe, alipokuwa kituo gani kikazi, alilalamika nini, alipewa nini. Mlipuko uliomtupa chini hata kama hakutoka damu auripoti uandikwe. Akiacha jeshi apimwe kabla hajasaini karatasi ya kutoka, masikio, mgongo, kifua, vyote. Nimeona watu wengi wanasaini haraka kwa furaha ya kurudi nyumbani, baadaye wanaambiwa faili linaonyesha uliondoka mzima.

---

nesi_wa_takwimu amejibu:

Na goti asisubiri likatae kabisa, tafadhali. Aende siku isiyo na mbio wala zoezi kubwa, hapo hata sajenti hana pa kushika. Aseme limeanza lini, nini kinaliongeza, kama linakwama au linalegea akishuka ngazi. Maelezo ya namna hiyo yanamlazimisha daktari kuligusa goti badala ya kukuangalia sura.

---

sajenti_mbishi amejibu:

Aende. Mimi sijawahi kumzuia mtu mwenye maelezo. Ila naombeni mseme na sisi tunaobanwa, nikipeleka wagonjwa wengi naulizwa mimi, naambiwa huna nidhamu kwenye seksheni yako.

---

tabibu_wa_mtaro amejibu:

Hapo ndipo tunapokubaliana afande, wewe hukuutengeneza huo mtego. Kikosi kimoja nilichowahi kuwa tulijaribu kitu kidogo tu: daktari akiandika ED, kiongozi ana haki ya kuikataa kama kuna sababu ya kikazi, lakini anaandika sababu hiyo kwa mkono wake kwenye karatasi ile ile na kusaini jina na cheo. Zilizokataliwa zikawa chache ghafla.

---

sajenti_mbishi amejibu:

Hiyo hata mimi ningesaini. Ila na wewe daktari uandike jina lako kubwa lisomeke, maana mwandiko wenu tunaujua.